Feri imesingiziwa?

SWALI: Mwanangu huvuka Likoni kila asubuhi kwenda shule kisiwani. Akichelewa husema feri ilikwama. Mwalimu kamwandikia daftarini: "Kisingizio." Mimi naona hiyo ni sababu. Nani mkosa? – Mama wa Likoni

JIBU: Mama, kwamba feri hukwama hatubishani. Swali ni mtoto alitoka nyumbani saa ngapi.

Sababu, neno la Kiarabu, hueleza tu jambo limetokeaje. Kisingizio kimetokana na kusingizia, yaani kumtwika mwingine kosa lisilo lake. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na jua lenyewe lipo kweli, tena kali. Basi kijana akiamka saa moja ilhali kengele hugongwa saa moja na nusu, feri imesingiziwa hata kama ilikwama. Akitoka alfajiri, ana udhuru: sababu inayokubalika. Mwalimu amelisahau neno hilo.

Na si yeye peke yake. Siku hizi sababu, udhuru na kisingizio vyote vimemezwa na dubwana moja liitwalo "changamoto". Neno lilizaliwa na kuchangamka. Kazi yake ni kukuchochea ufanye bidii. Sasa nenda kwa fundi mkesha wa Idi ukachukue kanzu.

"Ustadhi, kumekuwa na changamoto."

Changamoto gani?

"Ya stima."

Stima zilipotea jana jioni. Kitambaa nilikipeleka kabla ya mfungo, na kile pale rafuni, kimekunjwa vilevile kilivyotoka dukani, risiti imechungulia kwenye pindo. Chaki haijakigusa! Stima na chaki wapi na wapi? Na mkasi nao hutiwa kwenye soketi? Nikamuuliza. Akanijibu kwa upole kwamba kwenye kukata pia kulikuwa na changamoto.

Angesema "nilikusahau" ningenuna, yakaisha. Angemsingizia mwanagenzi wake, walau ningejua wa kugombana naye. Kisingizio kina ubaya wake, lakini humtaja mshtakiwa. Changamoto haina mwenyewe: hakuna aliyechelewa, hakuna aliyekosa, imekuja tu yenyewe kama upepo wa kusi, na wewe mwenye kanzu unatakiwa uitikie "pole".

Najua redio na majukwaa yameshalipitisha, nami sina nguvu za kushindana na vipaza sauti. Watumie. Ila fundi akinitajia tena, nachukua kitambaa changu.