Plagini inasema Active, lakini iko kimya

Juzi kijana mmoja wa Mbarara aliniandikia: “Kaka, plagini yangu ya kwanza ya Java (kipande cha kuchomeka kwenye programu kubwa) inaonyesha Active, yaani imewaka, lakini haichapishi hata neno moja. Nimekosea wapi?” Nikahisi tumbo kunikata. Ugonjwa huo huo uliwahi kunikalisha siku nne hapa Jinja, na bwana aliyenisimamia kazini akanicheka mbele ya wenzangu. Sijamsahau.

Kazi ilikuwa programu ya hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa. Wanachama walipobadilisha riba mkutanoni, ilinibidi nizime programu nzima ndipo niweke hesabu mpya. Nikaamua kuitenga riba iwe plagini: unaiwasha, unaizima, programu kuu haina habari. Hiyo ndiyo kazi ya OSGi, utaratibu wa kuendesha plagini za Java, nami nilitumia Apache Felix, programu inayoufuata utaratibu huo. Kule kila plagini huitwa bando. (Ndiyo, bando. Na bando la intaneti nalo lilikwisha siku ile ile, Maven, chombo cha kujengea programu za Java, ikivuta maktaba zake.)

Msimbo wenyewe ulikuwa mwepesi: klasi moja (kipande cha msimbo wa Java) yenye start ya kuwasha na stop ya kuzima, na start inaandika “Riba imewaka”. Nikaandika manifesti, yaani faili la maelezo ya bando, kwa mkono, nikafunga kila kitu katika faili moja la jar, kisha ndani ya Felix nikaandika install, halafu start. Nikaandika lb, amri ya kuorodhesha mabando: Active. Kimya.

Siku ya kwanza nililaumu Java. Ya pili nikasakinisha Felix upya. Ya tatu umeme ulikatika kutwa, nikala rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai, barabarani nikijiuliza kama kazi hii ni yangu kweli. Ndipo yule bwana alipotamka kwamba plagini ni za watu waliosoma nje.

Siku ya nne nikaifungua jar yenyewe, nikasoma manifesti iliyokuwa ndani. Mstari wa mwisho haukuwemo! Nao ndio Bundle-Activator, unaoiambia Felix ianze na klasi gani. Sikuwa nimebonyeza Enter baada yake, na amri ya jar katika Java 8 yangu iliuacha nje mstari usiofungwa. Bando lisilo na kianzishi si kosa, basi Felix ikaliwasha na kunyamaza. Nikabonyeza Enter mara moja tu. “Riba imewaka.” Nilipiga kelele hadi mama muuza chapati akachungulia dirishani.

Sasa nisikilizeni, ninyi mnaotaka programu zenu zitumike Kampala hadi Gulu. Someni manifesti. Si ile iliyo mbele yenu mnapoandika, ile iliyo ndani ya jar. Anzeni na bando linalochapisha neno moja kabla ya kugusa riba ya mtu. Kisha someni manifesti tena. Siku hizi watu hunakili mradi mzima, ukigoma wanahamia lugha nyingine; hivyo hamfiki. Anayekucheka mwache acheke. Leo vikundi vitatu vinatumia plagini yangu, na yeye, nasikia, bado anazima programu nzima kubadilisha namba moja.

Nilimwambia kijana naye aifungue jar yake, akajibu usiku: limewaka. Sasa kaongeza dirisha, na Felix inadai klasi za javax.swing, zile za kuchora madirisha, hazipo. Nimemwambia aiombe paketi hiyo, yaani kundi hilo la klasi, kwenye mstari wa Import-Package ndani ya manifesti. Kwa kawaida, kati ya paketi za Java yenyewe, ni zile zinazoanza na java na nukta tu zinazopita bila kuombwa.