Sarafu Bandia Mnadani: Ipime Siku Ileile Inapofika

Watu wanaonunua sarafu za kukusanya kwenye minada ya mtandaoni huniuliza kila mara namna ya kuitambua sarafu feki. Nitaeleza, maana ni elimu ya lazima. Lakini kuna swali linaloamua kama pesa yako itarudi au itapotea, nalo huulizwa mara chache: siku nitakapogundua kuwa ni bandia, nitakuwa bado ndani ya muda wa kudai? Nimewaona wakusanyaji wenye macho makali, wanaoijua sarafu kwa kuigusa tu, wakikosa kurudishiwa chochote kwa sababu waliiweka kabatini hadi wapate nafasi ya kuichunguza. Nafasi ilipopatikana, muda wa madai ulikuwa umepita.

Kazi huanza kabla ya kuweka dau. Waghushi hawatengenezi sarafu yoyote tu; wanatengeneza zile ambazo jina lake linajulikana na watu wanazitamani. Dola za Marekani za madini ya fedha zinaongoza: ile iitwayo Morgan, iliyoanza kutolewa mwaka 1878, na dola ya biashara ya kati ya mwaka 1873 na 1885. Ukikuta dola ya Morgan ya mwaka 1893 yenye herufi S ya kiwanda cha San Francisco inauzwa kwa bei ya kutupa, kumbuka kwamba zilitengenezwa 100,000 tu na zinatafutwa dunia nzima. Na dola yenye mwaka 1804 usiipotezee muda kabisa. Zinazojulikana kuwapo ni chache mno, na historia yake imeandikwa. Haiwezi kuokotwa kwenye droo ya marehemu babu ya mtu.

Hiyo hadithi ya babu ichukulie kwa tahadhari popote unapoisoma. "Nimeirithi, mimi sijui mambo ya sarafu, angalia picha uamue mwenyewe." Maneno hayo yanakutwisha wewe mzigo wote wa kuthibitisha. Yawezekana muuzaji anasema kweli, lakini mtu mkweli hakatai kupokea sarafu ikirudishwa. Mimi humwandikia kwanza, kwa heshima, nikiomba picha ya ukingo na uzito kwa gramu. Akikataa au akijibu kwa mkato, siweki dau, hata kama roho inaitaka sarafu ile.

Picha zenyewe zina siri moja ambayo ningependa kila mnunuzi aijue. Mghushi wa siku hizi huchukua sarafu halisi, akainakili kwenye muhuri wa chuma, kisha akapiga nakala nyingi kwa muhuri huo. Tatizo lake ni kwamba muhuri hunakili kila kitu, pamoja na makovu ya sarafu ile ya kwanza. Niliwahi kuona dola mbili za Morgan, za wauzaji wawili tofauti na zenye miaka tofauti, zote zikiwa na kishimo kidogo kwenye shavu la mwanamke aliyechorwa kwenye sarafu hiyo, pale chini ya jicho, na mkwaruzo mfupi ulioinamia upande mmoja. Sarafu halisi hupata makovu yake zenyewe zikigongana mifukoni na kwenye magunia. Mbili haziwezi kuumia mahali pamoja kwa umbo lilelile. Kwa hiyo kabla ya kuweka dau, tafuta minada mingine ya sarafu ya aina hiyo, hata iliyokwisha kufungwa, ulinganishe makovu. Ni kazi ya dakika chache tu na haina gharama.

Je, ikiwa imefungwa kwenye kasha la plastiki la kampuni ya uthibitisho? Kampuni kubwa, PCGS iliyoanza mwaka 1986 na NGC iliyoanza mwaka 1987, zimesaidia sana biashara hii. Lakini makasha nayo yanaghushiwa, na namba iliyoandikwa juu yake inaweza kuwa ya kweli iliyoibwa kutoka kwenye sarafu nyingine. Fungua tovuti ya kampuni mwenyewe, usipitie kiungo alichokutumia muuzaji, uingize namba, kisha ulinganishe picha yao na sarafu iliyo mnadani. Mwaka ukilingana lakini makovu yakatofautiana, achana nayo.

Kuhusu malipo sina maneno mengi. Lipa ndani ya mfumo wa mnada wenyewe. Anayekuomba ulipe pembeni, au utume pesa kama unamtumia rafiki au ndugu, anakuvua kinga yako yote.

Sasa kifurushi kimefika. Washa kamera kabla ya kukata utepe, anwani ya mtumaji ikionekana, na usiizime mpaka sarafu iwe kwenye mzani. Mzani mdogo wa vito unaosoma sehemu ya mia ya gramu unatosha. Dola ya Morgan inatakiwa kuwa na gramu 26.73 na kipenyo cha milimita 38.1, iliyotumika sana hupungua kidogo, haiongezeki. Isogezee sumaku. Ikinasa, kesi imekwisha, kwa sababu fedha na shaba hazinasi. Isiponasa bado hujamaliza, maana feki nyingi hazina chuma ndani.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote nyumbani ni cha maji. Weka kikombe chenye maji juu ya mzani, urudishe namba kuwa sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, uizamishe yote bila kugusa chini wala pembeni, uondoe viputo vya hewa, kisha usome. Namba unayoiona ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo, utapata densiti yake, yaani inazidi maji ya ujazo uleule kwa uzito mara ngapi. Dola ya Morgan, ambayo ni asilimia 90 fedha na 10 shaba, husukuma kama gramu 2.59 za maji, na jibu linakuja karibu na 10.3. Feki ya shaba iliyochanganywa na zinki, hata mghushi akiiongezea unene ili uzito ulingane, itasukuma gramu 3 na zaidi. Kwa dhahabu safi uwe mwangalifu zaidi: densiti yake ni 19.3 na ya tungsteni, metali nzito wanayoitumia waghushi, ni 19.25, hivyo maji peke yake hayatoshi, mpelekee mtaalamu mwenye mashine ya kupima madini.

Usiisugue, usiikwaruze, usiitie asidi. Ikiwa halisi umeiharibia thamani, na ikiwa bandia muuzaji atasema umemrudishia kitu kilichoharibika.

Ukishajua ni bandia, fungua madai siku hiyohiyo. Mnada wa mtandaoni wa eBay, kwa mfano, unampa mnunuzi siku 30 tangu kufikishiwa mzigo, na huduma ya malipo ya PayPal siku 180 tangu kulipa. Usimwite muuzaji mwizi. Andika namba: uzito unaotakiwa na uliopatikana, densiti inayotakiwa na iliyopatikana, ambatanisha picha na video. Mhudumu anayesoma malalamiko si lazima awe anajua sarafu, ila namba mbili zisizolingana anazielewa.

Muuzaji mmoja aliwahi kuniomba nifunge madai kwanza ndipo anirudishie, eti mfumo umezuia pesa yake. Nilikataa. Madai yakishafungwa, mara nyingi hayafunguliki tena. Mwingine atakuomba usubiri hadi arudi safari, au atakupa nusu ya pesa ubaki na sarafu. Nusu hiyo usiipokee, kwani ukiipokea umekubali kwamba mmemalizana. Mawasiliano yote yabaki ndani ya mfumo wa mnada, na mzigo wa kurudisha utume kwa njia yenye namba ya kufuatilia.

Kuna nyakati unarudishiwa pesa na sarafu inabaki kwako. Naomba usiiuze, hata kwa kusema "sina uhakika nayo". Sheria ya Marekani ya mwaka 1973 inataka nakala za sarafu za kukusanya ziwe na neno COPY juu yake, na eBay imepiga marufuku kuuza nakala hizo. Mimi zangu ziko kwenye bahasha zilizoandikwa BANDIA kwa wino mzito, pamoja na uzito na densiti, ili warithi wangu wasije wakamuuzia mtu bila kujua.

Na hata ukiwa umeshalipwa, ripoti tangazo lenyewe pamoja na picha za yale makovu. Muuzaji huyo huenda ana nyingine kumi za muhuri uleule, na picha yako ndiyo itakayomwezesha mnunuzi anayefuata kuzitambua.