Mwanangu, kuhusu ile miaka mitatu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unauliza kama, baada ya miaka mitano ya chuo na mmoja wa utarajali, inafaa uongeze mitatu mingine uwe daktari bingwa wa watoto, au uanze kazi sasa kama wenzako. Hesabu ya miaka umeifanya vizuri, sina la kuongeza. Kilichonijia niliposoma ni mtoto mmoja wa miezi minane.

Nilikuwa daktari mtarajali, usiku wa zamu yangu ya tatu mfululizo, na mama yake alisema anakohoa tangu juzi. Nilimhesabia pumzi kwa sekunde 15, nikapata 11, nikazidisha kwa nne: 44. Kwa umri ule pumzi huhesabiwa kuwa za haraka zikifika 50 kwa dakika, basi nikaandika mafua, nikawaruhusu. Muuguzi wa zamu aliwarudisha kutoka mlangoni, akangoja mtoto atulie mapajani, akamfunua kishati, kisha akasimama na saa yake dakika nzima. Zilikuwa 58, na sehemu ya chini ya kifua ilikuwa ikibonyea ndani kila alipovuta hewa. Hakunikemea. Alisema tu, mbele ya yule mama, "Daktari, tafadhali hesabu tena." Mtoto alilazwa kwa nimonia, akapona, mimi ile "tafadhali" ningali naisikia.

Ndiyo maana nimekuchosha tangu ungali mwanafunzi: mtoto huhesabiwa dakika nzima. Mtoto mchanga hapumui kwa mwendo mmoja kama mtu mzima. Huharakisha, hupunguza, hata husita, na robo dakika yako inaweza kuangukia pale aliposita. Hawezi kukueleza panapomuuma. Dozi yake hufuata kilo zake, na nukta moja ikihama kwenye karatasi amepewa dawa mara kumi. Miaka mitatu ile, nilivyoielewa mimi, ni ya kuiondoa pupa mkononi mwako.

Lakini hapo najipinga mwenyewe, maana muuguzi yule hakuwa na ubingwa wowote, na nimefanya kazi na mabingwa waliofaulu kila mtihani ambao hadi leo wanahesabu robo dakika. Tena gharama ya miaka ile unaijua, ingawa huikumbuki: mwaka wa mtihani wangu wa mwisho wa ubingwa, wewe ulikuwa ukimwita baba yako "mama". Yeye alicheka sana. Mimi niliingia chumbani.

Kwa hiyo sikuambii uende wala usiende, na Mungu anajua ulimi unavyoniwasha. Nijibu hili kwanza: mtoto anapolia huku umeshika stetoskopu, unaibonyeza kwa nguvu zaidi, au unaishusha na kungoja?

Saa ya marehemu babu yako ningali nayo kabatini. Mkanda umekatika, lakini mshale wa sekunde unatembea. Ukiitaka, nitaipeleka itiwe mkanda mpya.

Mama yako