Kadi za zamani za besiboli kwa bajeti ndogo: jibu langu kwa mleta mada

Mkuu, umesema umehamia Columbus, Ohio, jirani amekuuzia boksi la kadi za besiboli, zile zenye picha za wachezaji, za mwaka 1988 hadi 1990, una dola mia mbili za kuendelea nazo, na unauliza boksi lina thamani gani, uanze kutafuta kadi za nani, na utajuaje kwamba hujauziwa kanyaboya. Mimi niko huku kaskazini mwa Ohio, nakusanya kadi za zamani, hasa za kuanzia 1948 mpaka 1960 na kidogo. Nitajibu kwa kirefu, sogeza chai.

Boksi halina kitu. Pole. Miaka ile ya mwisho ya 1980 watu walikuwa wameshasoma magazetini kwamba kadi walizochezea utotoni zinauzwa pesa ndefu, basi kila mtu akawa ananunua mpya na kuzifungia kabatini akingoja utajiri. Kampuni nazo zikachapa bila kupumua. Kadi za 1952 zimebaki chache kwa sababu watoto walizichezea mpaka zikaisha na mama zao wakatupa zilizosalia. Za 1989 hakuna aliyetupa hata moja. Ukikuta humo kadi ya kampuni ya Upper Deck ya 1989, kadi namba 1, kijana anatabasamu, jina Ken Griffey Jr., iweke pembeni. Nyingine wape watoto.

Kuhusu Honus Wagner na Mickey Mantle, wachezaji wa zamani wenye kadi ghali, ambao wachangiaji wawili hapo juu wamewataja: wajue, lakini usiwape usiku wako. Wagner ni kadi ya seti inayoitwa T206, iliyotoka ndani ya pakiti za sigara kati ya 1909 na 1911. Uchapaji wa kadi yake ulisimamishwa mapema, zikabaki chache. Wengine husema hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili ya picha yake, wengine husema alitaka alipwe. Mwaka 2022 moja iliuzwa dola milioni 7.25. Mwezi huohuo, Agosti, Mantle ya 1952 ya Topps, kampuni ya bazoka za kutafuna, ikaipita: milioni 12.6.

Hiyo ya Mantle inafundisha kitu kuhusu bei. Ni namba 311, ya kwanza katika fungu la mwisho la seti ile, lililotoka msimu ukielekea ukingoni. Maduka hayakulitaka tena. Shehena ikakaa ghalani miaka, hadi 1960, ambapo Sy Berger wa Topps, mtu aliyeibuni seti yenyewe, kwa simulizi yake aliipakia kwenye mashua ya mizigo na kuimwaga baharini nje ya pwani ya New Jersey. Kwa hiyo watu hudhani Mantle ni ghali kwa uchache. Lakini katika fungu lile Mantle alichapwa mara mbili zaidi ya wenzake wengi! Wapo wachezaji wasiojulikana wa fungu hilohilo ambao kadi zao ni adimu kuliko yake, na bei zao hazifiki hata robo ya robo. Wala siyo kadi yake ya kwanza. Ya kwanza ni ya 1951, ya kampuni nyingine, Bowman. Watu wanamlipia Mantle mwenyewe, na hadithi ya bahari.

Ndiyo maana mimi humwambia mgeni achague mtu kwanza, karatasi baadaye. Wauzaji watakusukuma ufuate kona kali na picha iliyokaa katikati sawasawa, kwa sababu huko ndiko faida yao iliko. Kadi yenye mkunjo na kona za mviringo ina mchezaji yuleyule, kwa sehemu ndogo sana ya bei. Mimi nazipenda zaidi, nikikiri upendeleo wangu. Iliyokunjika imewahi kukaa kwenye mfuko wa suruali ya mtoto.

Sasa, nani? Kwa kuwa uko Ohio, anza na Larry Doby. Kila mtu anamjua Jackie Robinson, aliyeingia uwanjani na Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947 na kuvunja ukuta uliowazuia weusi Ligi Kuu. Doby aliingia na Cleveland, timu ya hapa Ohio, tarehe 5 Julai mwaka uleule, mweusi wa kwanza katika ile ligi ya pili ndani ya Ligi Kuu, American League, akapambana na matusi yaleyale bila umaarufu uleule. Mwaka uliofuata Cleveland wakachukua ubingwa wa dunia, naye akapiga homurani, ule mpigo wa kutoa mpira nje ya uwanja, katika mchezo wa nne wa fainali. Kuingizwa Ukumbi wa Heshima, wanakoenziwa magwiji wa besiboli, alisubiri hadi 1998. Soko la kadi limemsahau vilevile: Robinson ya Bowman ya 1949 ni maelfu hata ikiwa imechakaa, wakati Doby wa mwanzoni mwa miaka ya 1950, kona zimeisha, anapatikana kwa makumi ya dola. Sioni sababu ya haki kwa tofauti hiyo, ila kwa mnunuzi mwenye mia mbili ni bahati.

Katika timu ileile ya 1948 alikuwepo Satchel Paige, mrushaji ambaye huenda ndiye bora kuliko wote waliowahi kurusha ule mpira, na Ligi Kuu ilimruhusu akiwa na miaka 42. Tafuta picha ya kadi yake ya Topps ya 1953, hata kama huinunui. Seti ile picha zake zilichorwa kwa mkono, na jina lake wamelikosea, wameandika "Satchell" kwa l mbili. Mtu amengoja maisha yake yote kupewa nafasi, halafu jina linakosewa.

Na kuna ambao hutawapata kabisa. Josh Gibson, mpigaji wa kutisha wa ligi za weusi, alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla ya Robinson kuanza. Kampuni za bazoka na sigara za Marekani hazikuwahi kumchapa akiwa hai. Mei 2024 Ligi Kuu iliunganisha rekodi za zile ligi na zake, na wastani wa upigaji wa Gibson, yaani sehemu ya zamu zake zilizoishia kwa mpigo uliomfikisha salama kituoni, .372, ukamshusha Ty Cobb, mchezaji mweupe wa zamani, kutoka nafasi ya kwanza. Cobb ana kadi nne tofauti kwenye T206 peke yake. Ukikusanya kwa muda utaanza kuona hilo: kadi zinaonyesha nani alicheza, na pia nani alinyimwa hata kuonekana.

Kwa miaka ya baadaye kuna Roberto Clemente wa Puerto Rico, aliyechezea Pittsburgh. Kadi yake ya kwanza, Topps 1955, isahau. Lakini za miaka ya 1960 zinanunulika, na utaona wamemwita "Bob", jina ambalo hakulipenda. Kwa wachapaji, Roberto lilikuwa la kigeni mno. Alifikisha mipigo salama 3,000 kamili, kisha tarehe 31 Desemba 1972 akafa katika ndege iliyokuwa ikipeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko la Nicaragua. Hank Aaron naye, aliyemaliza na homurani 755, anunuliwe katika kadi za miaka ya 1970. Ile ya 1957 ni ya kuchekesha: waligeuza picha, Aaron anapiga kwa kushoto na namba 44 kifuani imepinduka.

Feki. Silaha ya kwanza ni rula. Kadi za Topps za 1952 hadi 1956 ni kubwa, takribani milimita 67 kwa 95. Kuanzia 1957 zikawa 64 kwa 89, kipimo kinachotumika mpaka leo. T206 ni ndogo, kama 37 kwa 67. Niliwahi kumwona jamaa kwenye maonyesho akitembeza "Mantle ya 1952 iliyotoka darini kwa bibi". Muuza kadi mmoja hakubishana naye, alichukua kadi ya bei rahisi ya 1952 ya mchezaji asiyejulikana, akaiweka juu ya ile ya bibi. Ikazidi pande zote.

Silaha ya pili ni kioo cha kukuzia. Kwenye kadi halisi za wakati ule maandishi meusi ni wino mzito, mstari safi. Nakala iliyopigwa kutoka kwenye picha ya kadi huonyesha vidotidoti hata ndani ya herufi. Kwa kadi za kabla ya Vita Kuu ya Pili, ongeza taa ya urujuanimno (UV): karatasi ya zamani haing'ai, ya kisasa hung'aa buluu. Kagua na kingo pia, maana wapo wanaokata kadi halisi ili kona zionekane mpya. Ile Wagner maarufu kuliko zote ilikuwa ndani ya plastiki ya wapima ubora wa kadi, ikiwa na alama ya juu, kwa miaka mingi. Mwaka 2013 dalali aliyewahi kuimiliki alikiri mahakamani kwamba aliikata.

Kwa dola mia mbili zako ningechukua Doby mmoja, Clemente mmoja wa miaka ya 1960, Aaron mmoja, na T206 moja ya mchezaji asiyejulikana, iliyochakaa, ili uwe na kitu cha kulinganishia. Usilipie kupimwa ubora, ada itakula kadi. Mfuko mwembamba wa plastiki, kisha ganda gumu, mbali na jua. Usipige laminesheni! Na usisugue uchafu kwa kifutio.

Ukipata ya kwanza kabla hujalipa, piga picha mbele na nyuma, rula ikiwa kando yake, uweke hapahapa. Sehemu ya nyuma ni muhimu, watu husahau kuipiga.