Mpaka wa Iran na Iraki haukuchorwa na Waingereza peke yao

Ndugu, umesema mpaka wa Iran na Iraki ni kazi ya wakoloni. Hapana, mizizi yake ni ya zamani zaidi: vita vya Waosmani wa Uturuki, watawala wa Kisunni, na Wasafawi, watawala wa Kishia wa Uajemi (Iran ya leo).

Mkataba wa Amasya, 1555, kati ya Sultani Suleiman wa Waosmani na Shah (mfalme) Tahmasp wa Wasafawi, uliwaachia Waosmani Baghdad na kuigawa Georgia, nchi ya Kaukazi, magharibi kwa Waosmani, mashariki kwa Wasafawi. Kwangu mimi uzito wake hauko kwenye ardhi tu. Mahujaji kutoka Uajemi waliruhusiwa kupita kwenda Makka, Madina, na miji mitakatifu ya Washia ya Karbala na Najaf, na Wasafawi wakatakiwa kuacha kuwalaani hadharani makhalifa wa kwanza. Dini na mpaka vilijadiliwa pamoja.

Haukudumu. Mwaka 1590 Shah Abbas wa Wasafawi, kijana wa miaka 19, alilazimika kuwaachia Waosmani hata mji wa Tabriz. Baadaye akajijenga, akairudisha, kisha akaiteka Baghdad yenyewe. Sultani Murad IV wa Waosmani aliirudisha 1638, na mwaka uliofuata ukaja mkataba wa Zuhab: Baghdad na Basra kwa Waosmani, Yerevan kwa Wasafawi.

Ila usifikirie mstari kama wa ramani za leo. Zuhab ulitaja ngome, milima na makabila, na Wakurdi waliendelea kuhamisha mifugo yao pande zote mbili. Waingereza na Warusi waliingia karne ya 19, kama wasuluhishi wa mkataba wa Erzurum wa 1847 kati ya Waosmani na Uajemi, na alama za mpaka zikawekwa 1914.