Usigawe abiria wa siku kwa saa za siku

Ndugu yangu, umeuliza programu ipi ya uigaji, yaani ya kuiga foleni kwenye kompyuta, inafaa, kompyuta ya aina gani itatosha, na watumishi wangapi wapangwe kila zamu kwenye ukaguzi wa abiria katika kiwanja chenu cha ndege. Mimi nimekwama pale uliposema utachukua abiria wa siku nzima, uwagawe kwa saa za kazi, kisha uingize jibu hilo kwenye modeli, yaani foleni hiyo ya kuigwa. Tafadhali usifanye hivyo.

Nilifanya hivyo hivyo nilipopanga zamu katika kiwanja kimoja cha ndege, kwa ushauri wa mtaalamu aliyelipwa fedha nyingi na ambaye hakuwahi kusimama hata dakika kumi kwenye foleni yenyewe. Alituambia wastani unatosha. Tulikuwa na abiria 1,200 kwa saa 12, yaani 100 kwa saa, na mashine moja ya mionzi iliweza kupitisha 150; modeli ikaonesha foleni fupi, nasi tukaweka timu moja. Kumbe 450 kati yao walifika baina ya saa tisa na saa kumi na moja alasiri, kwa sababu ndege tatu ziliondoka kwa kufuatana. Wakiingia 225 kwa saa na kupita 150, kila saa hubakisha watu 75. Baada ya saa mbili wamesimama 150, na wa mwisho anahitaji saa nzima kuifikia mashine. Siku ya kwanza tu watu waliachwa na ndege, akiwemo bibi mmoja aliyekuwa akienda kutibiwa, na uso wake sijausahau. Mtaalamu wetu wakati huo alikuwa ameshalipwa na kuondoka.

Tena hao 225 hawaji mmoja mmoja. Basi la hoteli kutoka Nungwi, kule kaskazini mwa Unguja, hushusha watu 40 kwa mkupuo, baadhi yao na mafuta ya nazi katika chupa zinazozidi kikomo cha mililita 100, na kila begi linalofunguliwa huwasimamisha walio nyuma.

Kwa hiyo kaa pale na saa na daftari, uandike dakika anayoingia kila abiria kwenye foleni na sekunde anazotumia mpaka achukue trei yake, msimu wa watalii peke yake na masika peke yake. Takwimu hizo ndizo uzitie kwenye modeli, uiendeshe mara mamia, kila mara ikiiga siku moja, kisha zamu uzipange kwa kutazama siku zilizotoka mbaya. Timu ya pili iwe imeshakaa kwenye mashine yake kabla basi la kwanza halijaingia getini.