Jibu: Unga unaowaka kwenye tochi unaweza kuonyesha zebaki kisimani?

Mkuu, umeuliza kama ule unga wa kwenye video, unaowaka ukimulikwa na tochi ya kukagulia noti bandia, unaweza kukuonyesha zebaki kwenye kisima chako kilicho jirani na mwalo wa dhahabu, pale mchanga wa dhahabu unapooshwa na kukamatishwa kwa zebaki. Nilihangaika na kitu hicho miezi kadhaa nilipokuwa chuoni, nakujibu kwa niliyoyaona.

Kinafanya kazi, hilo sikufichi. Mimi nilitumia kemikali ya jamii ya rodamini, yaani rangi zinazowaka zikimulikwa, aina ambayo Jinsung Tae na wenzake wa Korea Kusini waliieleza mwaka 2005. Ikiwa peke yake imejikunja, haina rangi wala haiwaki. Ndani yake kuna salfa, na zebaki kwa salfa ni chanda na pete: ikifika inaing'oa, molekuli inakunjuka, maji yanageuka waridi na kuwaka. Kwenye maji safi yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri (si asidi), inapendeza sana. Mara ya kwanza nilipiga kelele maabara nzima ikageuka.

Kisha nikaleta maji ya kisima. Giza. Nikaandika "salama", roho kwatu. Msimamizi wangu akauliza, umedondoshea zebaki humohumo, kiasi unachokijua, ukaona kama itawaka? Nikadondosha. Giza vilevile! Maji yale yalikuwa na rangi ya chai hafifu, ya majani yaliyooza, na uchafu huo nao una salfa. Ulishaidaka zebaki kabla haijafika kwa rodamini yangu. Nilifuta lile neno kwa aibu.

Halafu kuna suala la kiasi. Kikomo cha WHO kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 6 kwa lita. Kwa jicho na tochi sikuwahi kukaribia huko; ilibidi mashine ya kupima mwanga.

Kwa hiyo usinunue. Peleka sampuli kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, Kanda ya Ziwa, au maabara ya maji ya mkoa. Ila waombe wao chupa yenye asidi, usichote na chupa ya soda, maana zebaki hunata kwenye plastiki na kipimo kitasoma pungufu.

Na hujatuambia dhahabu inachomewa wapi. Kama ni jikoni hapo nyumbani, moshi ule wa zebaki unanitisha kuliko kisima.